Sindano ya Shingoni

Jumatano, Ujiji

Hasira hizi sijui nizipeleke wapi. Baba ameenda peke yake kwa muuza dawa wa mtaani, akachomwa sindano katikati ya uvimbe wa shingo.

Jumapili nilimsomea kwenye simu kwamba katika nchi za wenzetu wanajaribu kuchoma dawa ndani ya saratani isiyoweza kupasuliwa. Yake imeuzunguka mshipa mkubwa, daktari amekataa kuigusa. Nilitaka tu apate tumaini kidogo. Nilimwambia huku haijafika. Au sikumwambia?

Maisha yake yote Baba ameziba mitumbwi ufukweni Kibirizi. "Mtumbwi ukivuja hapa, pamba na mawese unashindilia hapahapa," aliniambia jioni, shingo imevimba hadi sikioni. "Hao madaktari wako wanafanya kazi yangu."

Nikamuuliza amechomwa dawa gani. Hajui. Anasema hata muuzaji alisita, ikabidi amtoe wasiwasi: "Binti yangu amesoma, ndiye aliyeniambia."

Amekataa katakata twende hospitali leo. Kesho alfajiri nitampeleka hata kwa kumbeba. Daktari atauliza nani alimshauri, na Baba ataninyooshea kidole mimi, tena kwa fahari.