Katiba ya Marekani na Mtoto wa Jeneroza

Jumatatu, 2 Juni
Mihogo nimepalilia matuta sita. Vijana wa Simbo hawafikishi manne. Mgongo unauma, simwambii mtu.
Jioni barazani kwa muuza kahawa. Redioni ni Marekani tena. Rais wao hataki mtoto aliyezaliwa kule na mama asiye na karatasi awe raia. Majaji wamemzuia, kesi imepanda juu. Mwalimu Hamisi, mstaafu, akatufafanulia. Katiba yao inasema aliyezaliwa pale, na yuko chini ya mamlaka ya nchi, ni raia. Ugomvi uko kwenye hayo maneno ya mamlaka. Upande mmoja unasema mgeni naye yumo, mwingine unasema hayumo.
Mimi niliishia darasa la nne. Lakini nimekuwa balozi wa nyumba kumi miaka kumi na tisa. Nikamuuliza, ng'ombe wangu akizalia shambani kwako, ndama ni wako? Baraza zima kicheko. Mwalimu akasema, "Watu si ng'ombe, mzee mwenzangu." Akarudi kwenye kahawa yake. Nimemshinda mwalimu kwa katiba ya Marekani.
Jeneroza alikuwa anapita na ndoo ya dagaa. Alisikia. Basi, asikie.

Jumatano, 4 Juni
Jeneroza kaja asubuhi. "Mwakeye, mzee." Kanisalimu kwa Kiha, kapiga goti. Ni jirani. Wazazi wake walikimbia vita Burundi wakiwa wamembeba, kakulia hapa hapa. Mumewe alikuwa mtu wa Kalinzi, amekufa. Binti yao Anjela kapata nafasi chuo cha uuguzi, anadaiwa kitambulisho cha taifa. Kamati ya kata inasema huenda mtoto naye alikuja mgongoni kama mama yake, ametoka kambi ya wakimbizi. Wanataka mzee aliyeshuhudia kuzaliwa kwake.
"Umebaki wewe tu."
Kweli. Marehemu mke wangu ndiye aliyemzalisha. Nikamwambia asihofu. Neno langu likitoka, kata nzima hunyamaza.

Alhamisi, 5 Juni
Mwalimu kaleta tena habari za majaji. Nikasema mgeni habadiliki kwa kuzaliwa mahali. Nikasema hata hapa kwetu. Wakapiga makofi.
Hilo la hapa kwetu sikuulizwa. Nimelisema mwenyewe.

Jumatatu, 9 Juni
Kamati. Watu watano, Mwalimu Hamisi mmoja wao. Sikujua kama yumo.
Katibu akauliza, mzee, huyu binti alizaliwa wapi? Mwalimu akaniangalia. Akatabasamu kidogo. Nikaona jioni itakavyokuwa. Nikisema kazaliwa hapa, ni wa hapa, nimemeza maneno yangu mbele ya baraza lote.
Nikasema sikuwepo. Sijui.
Wakaandika. Nikatia sahihi. Sahihi yangu nzuri, kila mtu anajua.
Jeneroza hakupiga kelele. Alisema, "Haya, mzee." Anjela alikuwa dirishani.


Jumanne, 10 Juni
Nilikuwepo.
Mvua kubwa, uchungu ulimshika Jeneroza njiani, mke wangu akamvutia ndani kwetu. Mtoto kazaliwa kitandani kwangu. Kondo la nyuma nililizika mimi, shimo nilichimba kwa mikono yangu, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mume wa Jeneroza alisimama pale analia kwa furaha. Ninapaona nikiwa nimekaa hapa.
Nina aibu. Neno hili sijawahi kuliandika.

Jumatano, 11 Juni
Sikwenda barazani. Watasema naumwa. Waseme.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda kata peke yangu. Nikasema nilidanganya. Katibu akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu ya Marekani. Akamwambia mhudumu aniletee maji, alidhani nina homa.
Akamwita Mwalimu, akamweleza. Wakaja wote hadi kwangu. Niliwaonyesha mgomba, nikawatajia waliokuwepo, nani kasimama wapi. Katibu kaandika barua ya pili. Lakini ile ya kwanza ilishakwenda wilayani na sahihi yangu. Sasa huko wana barua mbili za mzee mmoja, zinapingana. Itachukua muda, alisema. Chuo kinafunga majina kesho.
Mwalimu hakunicheka. Bora angenicheka.
Nilipita kwa Jeneroza nimweleze. Alinisikiliza, huku anachambua dagaa. Hakunipa kiti.

Jumapili, 22 Juni
Wilayani kimya. Nafasi ya Anjela kapewa mwingine. Mwaka huu umekwisha kwake.
Redioni bado ni wale majaji, hawajatoa neno. Mtu akaniuliza, mzee, wewe unasemaje? Nikasema sijui.
Nikiwa nimekaa pale, Anjela kapita na jembe begani, anakwenda kulimia watu. "Shikamoo, babu." Kama siku zote. Nilipokuja kusema marahaba, alikuwa ameshakata kona.