Eda ya Mama

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimefika Tanga. Pale Horohoro, mpakani, afisa aliniuliza nakuja kufanya nini. Nikasema kumzuru baba. Sikusema yuko kaburini.

Bajaji ilinishusha Raskazone, mbele ya jumba kuukuu ambalo Baba alikuwa msimamizi wake. Yeye na mkewe wa huku walikaa vyumba vya uani. Hakuna aliyekuja kunipokea. Sauti tu, kutoka ndani: ingia, mwanangu, ingia, siwezi kufika getini, usidhani nakudharau. Niko edani!

Bi Sabiha. Njia nzima nilijiandaa kumchukia. Arobaini hivi, nguo nyeupe tupu, hana bangili wala wanja. Nikamwamkia shikamoo kwa shingo upande. Akaitikia, kisha akacheka: "Usinitazame kichwa. Mafuta sitii, nywele zimekuwa kumbi la nazi."

Sawasawa na Mama. Kule Mombasa Mama naye amekaa hivi hivi tangu Baba afe mwezi wa Juni: nyeupe, kimya, hatoki, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Daktari wa macho alikuwa ameshampa tarehe ya operesheni. Presha ya macho haingoji, alisema. Mama akakataa. Nikamwambia dini inaruhusu mjane kutoka kwa dharura. Akaniuliza, hiyo sheria unayosomea chuoni ndiyo imekufundisha eda? Jicho la kushoto karibu limezima.

Alinituma neno moja tu. "Muulize huyo mwenzangu kama marehemu alinitaja."

Sijauliza.

Jumatano, 6 Agosti

Kaburini. Mzee Idarusi, rafiki wa Baba, alisita kidogo — wanawake si kawaida — halafu akaniruhusu nisimame ukingoni. Rundo la udongo, basi. Nilitegemea kuhisi kitu kikubwa. Nilihisi kiu.

Bi Sabiha hajaliona kaburi. Siku ya maziko alibaki ndani na wanawake wenzake, na tangu siku ile hajavuka kizingiti. Niliporudi akanihoji: udongo umetitia? Kuna kivuli? Nikamwambia mwarobaini uko karibu. Akashusha pumzi. "Afadhali. Alikuwa hawezi jua, yule." Tukalia pamoja. Nikajisikia nikimwita mama mdogo. Limetoka lenyewe!

Alasiri jirani, Bi Khadija, akaja na mkate wa kumimina na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mashallah, pua ya baba yako Nasri hii hii! Msichana mzuri, kosa lake Mombasa tu! Nikacheka. Kisha, huku akikata mkate: "Na mama yako je? Keshaolewa, au mtalaka kaamua kupumzika?"

Nikasema Mama si mtalaka. Ni mjane.

Bi Khadija akamtazama Bi Sabiha. Kisu kikabaki kwenye mkate. Akakumbuka ameacha chungu motoni, akaaga. Bi Sabiha akaingia chumbani kuswali na hakutoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemuuliza Bi Sabiha maana ya lile neno, mtalaka. Hakunificha.

Alisema hakuutaka uke wenza. Nasri alipomposa alimwambia: mimi siingii juu ya mwanamke mwenzangu. Basi Baba akamwacha Mama mbele ya mashahidi wawili, barazani kwa Mzee Idarusi. Miaka tisa sasa.

"Mama yako si anajua?"

Nikamwambia Mama amekaa eda, hata hospitali ya macho hataki kwenda. Hakunielewa. Nikarudia.

"Eda ya nani?" Akajipiga kifua. "Eda ya nani, mwanangu?"

Akaniambia nimpigie simu Mzee Idarusi. Akaja, lakini hakuingia. Kwa ajili ya eda alizungumza nasi akiwa nje, dirishani, pazia katikati. Ndiyo, alisema. Alikuwa shahidi. Nasri aliahidi kwenda kumwambia mwenyewe, Idi ile. Idi ikapita. Kila mzee akimuuliza: bado, namtafutia siku nzuri. "Nami nikanyamaza. Mambo ya mume na mke."

"Hawakuwa mume na mke," nikasema. Kwa mzee kama yule! Adabu iliniponyoka.

Kila Idi Baba alikuja Mombasa. Alikula, alitania, alilala sebuleni. Mgongo, alisema, kitanda laini kinamuumiza. Mama akataka kumkanda kwa mafuta ya karafuu. Akamzuia: mikono yako ina baridi. Basi kila Idi nikamwona Mama akipasha mikono jikoni kabla hajamwendea. Na kila Idi akamkatalia.

Alijichunga asimguse asiye wake. Dhambi aliichunga vizuri. Moyo wa Mama hakuuchunga.

Mungu amrehemu. Sijui kama namaanisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee Idarusi, baada ya swala, tena dirishani: talaka ilipita, hata kama mwanamke hakuambiwa. Eda ya talaka hiyo iliisha zamani. Mama yako yuko huru. Anaweza kwenda hospitali hata leo.

Huru!

Nikimwambia, jicho litapata dawa. Na yeye? Mtaa mzima umempa pole. Amekaa chini na kulilia mtu baki, na kila mtu wa huku alijua ila yeye. Nikinyamaza, eda yake ikiisha mwezi wa Oktoba labda hatauona mkono wangu.

Bi Sabiha hajala tangu jana. Nilimwambia nitamweleza Mama mwenyewe, nikifika. Akatikisa kichwa. "Nimemchukulia mume. Sasa nimchukulie na ujane?"

Jumamosi, 9 Agosti

Basi langu ni mchana. Mama amepiga asubuhi hii. Umemuuliza?

Sijafungua mdomo, Bi Sabiha akanyoosha mkono. "Lete."

Hawajawahi kuzungumza. Akajiweka sawa mkekani, akavuta kanga kichwani kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, dada. Ni mimi, mke mwenzio."

Mke mwenzio! Amelisema bila kutetereka.

Halafu: ndiyo, dada, alikutaja. Siku ile tunamtoa kwenda hospitali. Alisema mke wangu wa Mombasa asiyacheleweshe macho yake, hata ukitokea msiba, aende. Ni wosia, dada. Wosia wa maiti tutauvunjaje?

Nikamsikia Mama, mpaka nilipokuwa. Analia. Si kile kilio cha Juni. Kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kusahauliwa.

Nikarudishiwa simu. Atakwenda Jumatatu, alisema. Huyo mwenzangu mwanamke mwema, umwambie nimemsamehe kila kitu. Alikuwa karibu kucheka. Halafu sauti ikashuka. "Lakini watu humpa mjane maneno mazuri, najua. Wewe hujanidanganya hata siku moja. Alisema kweli? Niapie, Samiha mwanangu."

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Bi Sabiha amegeukia ukuta na tasbihi yake. Hazisogezi zile shanga. Simu iko mapajani pangu, chini ya daftari. Inalia. Herufi zinatetemeka nayo.

Imenyamaza.

Inalia tena.