Saladi ya Binti Yako

Dada mpendwa,

Nakusalimu kutoka jikoni, ambako shahada yangu ya lishe imeshindwa na mtoto wa miaka mitano. Nilimkatia binti yako karoti, matango na nyanya, nikakamulia ndimu, nikamweleza faida zake kwa hoja zisizopingika. Akanijibu, "Kula wewe basi, mjomba."

Jana mama yetu akaingilia kati: "Maliza sahani, mjukuu wangu, mama yako arudi." Nilipobisha, akanikatiza, "Hebu nipishe na vitabu vyako."

Mtoto alimaliza yote, akavaa viatu, akaketi mlangoni mpaka usingizi ukamchukua.

Leo ameomba sahani kubwa zaidi. Anadhani ya jana haikutosha. Nawe umeshaniandikia kwamba hutarudi tena. Nimkatie?

Mdogo wako, ningali na karoti mkononi.