Gari Lisilokunywa Maji

Umoja, Jumamosi ya mwisho ya Novemba

Mvua ilinyesha alfajiri ikakoma, ikatuachia matope na jua la kuudhi. Niko jikoni na chai iliyokwisha kupoa. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa udongo mweusi wa Njiru, na sijui kama nicheke au nilie. Nimeanza na kucheka. Kulia kutakuja kwenyewe, nakujua.

Leo nilienda kuangalia gari.

Ofisini sikumwambia mtu. Wangeniuliza mwanamke mzima, mwenye gari lake la Kijapani linalowaka kila asubuhi bila maneno, anatafuta nini kwenye gari linalomzidi umri. Ni lile gari la mgongo wa mviringo, injini nyuma, buti mbele, ambalo sisi watoto wa Makongeni tuliliita Kobe. Hili la leo liko wazi juu, halina paa, lina turubai tu la kukunja. Niliona picha yake kwenye simu wiki iliyopita, rangi ya maziwa, nikairudia kuitazama mpaka usiku.

Baba alikuwa na Kobe. Lake lilikuwa la samawati na lilikuwa na paa. Alifanya kazi reli, na majirani walimcheka kwamba mtu wa reli gani huyu anayeiacha treni yake akasafiri kwa barabara. Kila Desemba alitupakia humo kwenda nyumbani Kimilili. Mimi na kaka zangu tulibanana nyuma na mikate na masufuria, Mama akakaa mbele na kitinda mimba mapajani. Tulikuwa tukilala kabla ya Naivasha na kuamka Webuye.

Injini ya Kobe hupozwa na upepo. Haina rejeta, haidai maji. Tukifika ule mlima wa Timboroa, magari ya wenye pesa yalikuwa yamesimama kando, boneti wazi, yanafuka mvuke, na wenyewe wameshika viuno. Kobe lingeweza kuwapita wote. Lakini Baba alisimama kila mwaka. Katika gari lisilokunywa maji alibeba mtungi mzima wa maji, akawagawia wageni wale asiowajua. Mara chache niliamka nikaona kwa jicho moja mgongo wake na mtungi, nikalala tena.

Hiyo ndiyo hadithi yangu ya Baba. Nimeisimulia maisha yangu yote. Niliisimulia hata siku ya mazishi yake, kanisa zima likatikisa vichwa kwa kukubali.

Sasa Mama anaenda nyumbani Desemba hii. Haendi kutembea. Anarudi.

Ameishi Nairobi tangu aolewe, na baada ya Baba kutuacha amekaa nami hapa Umoja. Mwaka huu akasema inatosha, anataka kuku wake, mvua yake na mlango wake mwenyewe. Nimembembeleza. Nimenuna. Nimemtumia hata mchungaji, naye akarudi na ndizi za kupewa na habari kwamba Mama yuko sawa kabisa. Wapi! Mama akisema, amesema.

Basi nikapata wazo la kumpeleka na Kobe, kwa barabara ile ile. Nitasema ukweli hapa kwa sababu hapa sina wa kumficha. Nilidhani akipanda Kobe safari hii itafanana na zile Desemba. Na zile Desemba zote zilikuwa na Januari ya kurudi Nairobi.

Nilimchukua Oti, tuliyekua naye Makongeni, siku hizi ana gereji Industrial Area. Mama naye akakataa kubaki, akafunga kitambaa chake cha kanisani kana kwamba tunaenda kuposa. Mwenye gari ni Mama Tracy, mwanamke mmoja mchangamfu wa Njiru anayekodisha magari ya harusi. Alitupokea na soda.

Oti akalala juu ya gunia, akapotea chini ya gari kwa muda. Akaisikiliza injini akiwa amefumba macho. Injini haina shida, akasema, inadondosha oili kidogo, na injini hizi zisipodondosha ujue hazina oili kabisa. Akainua kiti cha nyuma, maana betri hukaa chini yake na kutu huanzia hapo. Tuliona majani ya Njiru kupitia sakafu. Nikajisemea, bati tu hilo, linachomelewa.

Kisha akapitisha kidole juu ya milango, akanigeukia akikunja uso.

"Neki, hii dinga haikuzaliwa hivi. Ilikatwa kichwa na grinda."

Mama Tracy hakuona haya hata kidogo. "Ilikatwa kitambo, kabla yangu. Sasa bibi harusi atawapungia watu mkono vipi akiwa ndani ya kibuyu?"

Nilicheka, lakini Oti hakucheka. Akanieleza kwamba yale yaliyotoka kiwandani bila paa huwekewa vyuma vinene chini ya milango, vishike kiuno cha gari. Hili halikuwekewa kitu. Paa ndilo lililokuwa limeshika kila kitu, nalo likaondolewa ili maharusi wa Eastlands waonekane vizuri. "Mtu mmoja akisimama ndani kwenda kanisani, sawa. Kimilili? Wee!"

Ningemsikiliza. Lakini nilikuwa nimeshaiona Desemba yangu, na mtu aliyeona kitu chake haambiwi. Nikasema tuliendeshe kwanza.

Oti akashika usukani, mimi mbele. Mama nilimwekea kiti cha mbele, akakataa, akasema anataka kuona pale tulipokuwa tunalala. Akapanda nyuma polepole akashika kitambaa chake. Tukazunguka uwanja wa pale nyuma, tuk-tuk-tuk, na sauti ile, jamani. Sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana na bado niliijua. Machozi yalinitoka nikasingizia upepo. Tulipita shimo moja, la pili, tukarudi kwa Mama Tracy.

Milango ikakataa kufunguka.

Yote miwili. Gari lilikuwa limelegea katikati kwa uzito wetu, likaibana milango kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Oti akaruka nje. Mimi nikaruka na sketi yangu, aibu tupu mbele ya watu. Ila Mama haruki popote kwa magoti yale. Oti akakimbia kuazima jeki ya nguvu aliinue gari katikati, na Mama Tracy akacheka mpaka akaketi kwenye kreti ya soda.

Mama akasimama. Akashika egemeo la kiti cha mbele kwa mikono miwili, kitambaa kikipepea, na kweli alifanana na bibi harusi. Nilitaka kumpiga picha. Akaniangalia kutoka kule juu akasema, "Nekesa, hili gari unaninunulia mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Mwanangu, mimi hii gari sikuwahi kuipenda."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia kwamba kwenye Kobe la Baba kulikuwa na bomba la kuleta joto la injini miguuni kwa abiria, na lile letu lilishika kutu likabaki wazi, halifungi. Kuanzia Naivasha alikuwa anachomwa. Mtoto mapajani, mzigo kulia na kushoto, hana pa kusogeza mguu, na kelele za injini hata akilalamika hasikiki. "Miguu yangu iliiva kama viazi. Nilikuwa nahesabu milima nikingoja Timboroa tu."

"Kwa nini Timboroa?"

"Kwani yale maji yalikuwa ya nani?"

Mama akaendelea akiwa amesimama vile vile. Kila mwaka Baba alisimamisha gari pale kwenye baridi, akamtoa, akamkalisha kwenye jiwe, akamvua viatu na kummwagia maji miguuni polepole mpaka moto utoke. Mbele ya madereva wote. "Mwanaume wa kwetu, wakati ule, kumwosha mke wake miguu barabarani! Wengine walimcheka. Yeye akaendelea tu. Wale wa magari yaliyochemka walikuja baadaye kuomba yaliyobaki. Nyinyi mlikuwa mmelala."

Nikamwuliza mbona hakunisahihisha siku ile kanisani.

"Ilikuwa hadithi nzuri," akasema. "Na ile nyingine ilikuwa yangu."

Oti akarudi na jeki, akainua, mlango ukaachia kwa kishindo. Mama akashuka akalipigapiga lile bati mara mbili, kama mtu anayeagana na ng'ombe mkorofi. Nikamwambia Mama Tracy asante, hapana. Hakukasirika, alisema kuna bibi harusi wiki ijayo na hataketi mtu nyuma. Tukarudi. Oti alipiga miluzi mpaka Umoja.

Nimekuwa nikifikiri tangu mchana. Nililipenda gari miaka yote hii, kumbe la kupendwa lilikuwa jiwe pale Timboroa, na mimi nilipita nikiwa nimelala. Nimemkumbuka Baba leo upya kabisa. Namwona ameinama. Nimeumia kidogo, ila ni maumivu mazuri, sina jina lake.

Na bado sitaki aende. Naliandika hilo ili nisijidanganye.

Lakini nimetoa mtungi wetu wa njano chini ya sinki nikausugua kwa majivu na sabuni. Mama amepita sasa hivi kuchukua maji ya kumeza dawa, akauona umepinduliwa mezani.

"Wa nini huo? Gari lako si lina rejeta, na joto hakuna?"

"Wa miguu," nikasema.

Alisimama kidogo mlangoni. Aliiangalia miguu yake ndani ya zile patipati, kisha akaniangalia mimi, macho yakiwa na maji.

"Basi ujaze mpaka juu," akasema. "Pale mlimani hakukosekani mtu amekwama."