Koti la Sare Lililofika Magotini

Jumatano. Mwaka wa pili tangu nitoke Kasulu.

Hasira haijaisha. Sare ya harusi ya dada Neema imefika leo kwa basi, na koti linanifika magotini. Walimpima kaka Elias, mrefu kama nguzo, wakaona na mimi litanitosha. Mimi ni mfupi, mabega yamepanuka kwa kubeba magunia ya dagaa. Nikilivaa, miguu inapotea. Wenzangu wa mwaloni, tunakoshusha dagaa, wamecheka: "Oneni, kabati linatembea."

Nikampigia Elias kumwambia nataka kulipunguza.

"Sare ni sare," akasema. "Ukilikata, kwenye picha husimami."

Lakini Neema mwenyewe ndiye aliyeniomba nisimame upande wake, kwa kuwa baba hayupo.

Nimelipeleka kwa mama mshonaji wa jirani. Akanisimamisha mbele ya kioo, akalikunja hadi nyonga.

"Mwisho hapa, baba. Juu umejaa, basi suruali ionekane yote, tena iwe nyoofu."

Kweli, nikaona nina miguu. Nikamwambia akate.

Ijumaa jioni nitakuwa Kasulu. Elias akitaka kunitoa kwenye picha, anitoe Neema akiwa amenishika mkono.