Mbele ya Meza

2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Macho yake yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi za ofisini zimenikaba koo. Ile safari ya kuja kuwaona naomba tuisogeze mpaka mwisho wa mwaka, maana hata Jumamosi tunaingia kazini. Mwambie mama nikija nitashinda nyuma ya meza kama zamani, nipange maparachichi huku ananifokea.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Macho ya mama yana ukungu, lakini mdomo bado mkali. Barua yako imefika jana nami nilikuwa nimeshakuona Jumamosi, kwa macho yangu haya mawili.

Mliingia kwa lango la mawe, kundi zima, mtembeza wageni akiwahubiria kwamba soko letu lilikuwepo kabla ya ule mnara wa mjini. Mkasimama kwenye meza yetu. Mbele! Tangu lini wewe ukasimama mbele? Mbele ni pa wateja, wa kwetu hupita nyuma, hilo ulilijua kabla hujaota meno. Yule mama mkwe wako mwenye mkufu akamwambia mama, "Bibi, mfundishe huyu mkwe wangu kuchagua. Maskini, hana mama." Mama akakushika mkono, akakutikisia parachichi sikioni usikie kokwa. Nawe ukasema, "Asante, bibi."

Bibi! Nilikuwa nimebeba kreti, nikashindwa hata kuitua. Baadaye mama akaniuliza yule mteja ni nani, nikasema mgeni tu. Umenifanya nimdanganye mama. Harusi yako tuliisikia kwa barua, tukanyamaza. Sasa hebu niambie, mama alikufa lini?

Dada yako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Siku ya kwanza nyumbani kwa kina mume wangu waliniuliza habari za wazazi. Pale mezani wote ni watoto wa mahakimu na madaktari. Likanitoka tu: baba na mama wote wameshafariki. Wakanipa pole, mama mkwe akanikumbatia, akasema yeye ndiye mama yangu sasa. Ningelirudishaje neno lile?

Sokoni alitaka kwenda yeye, na meza aliichagua yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kama macho ya mama yana ukungu, basi hakunitambua. Nakuomba, dada, tusimwambie. Ya nini kumuumiza?

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Sijamwambia, na si kwa ajili yako. Tangu Jumamosi ile haimbi tena akipanga meza, na sauti ya mwanamke ikipita ananyanyua kichwa.

Njoo peke yako, bila mkweo na bila hiyo miwani ya jua. Pita nyuma, mwamkie, kaa kwenye kreti yako. Mimi nitajifanya nimekwenda kuchota maji. Usipokuja, usiniandikie tena.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilikuja juzi. Nilikuona ukienda bombani, nikazunguka nyuma, nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakunyanyua kichwa. Akasema, kwa upole kabisa, "Karibu, mteja. Wateja wanasimama mbele." Nikadhani hajanisikia vizuri, nikarudia. Akasema vilevile. Basi nikaenda mbele, dada. Akanichagulia matatu, akayatikisa moja moja, akanifungia kwenye gazeti. Nimelia njia nzima. Ni wewe umemwambia? Nifanye nini?

Mdogo wako

3 Julai

Kwa mteja wetu,

Salamu. Anayeandika ni dada yako, ila maneno ni yangu, na nimemkataza asipunguze hata moja. Hakuniambia kitu, usimgombeze.

Siku ile nilikujua kabla hujafungua mdomo. Macho yana ukungu, ila mkono nauona: uliligeuza parachichi ukapapasa kikonyo kwanza, na hapa sokoni hakuna afanyaye hivyo ila wanangu. Mkweo aliposema huna mama, nikangoja useme. Nilikushika mkono ili upate muda. Nilitikisa lile parachichi zaidi kuliko lilivyohitaji, mwanamke yule akaanza kunicheka. Nilikuwa nakungoja wewe. Ukaniita bibi.

Imeniuma, sitaficha. Dada yako analia hapa, anasema nikusamehe. Nimeshakusamehe. Ila siwezi kufufuka kwa siri, niwe hai ukija peke yako na maiti ukija na wenzako.

Siku utakapomwambia mkweo kwamba mama yako yuko hai na anauza maparachichi, pita nyuma, kreti yako ipo palepale. Kabla ya hapo, meza iko wazi kila Jumamosi, na kuonja ni bure.

Muuza maparachichi