Mtungi Si Mzazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kupigwa kwa Bw. Norman Kitavi katika mkutano wa wazazi na walimu, Mutuini
Jina: Jamleck Mwaniki
Umri: Miaka 73 kwa kitambulisho. Shahidi anasema kitambulisho kinampendelea
Kazi: Mkulima wa sukuma wiki
Makao: Mutuini, Dagoretti Kusini
Tarehe ya maelezo: 12 Oktoba 2020
Aliyeandika: Konstebo Wesonga

Mimi ndiye niliyejenga shule hii tunayoizungumzia. Niliijenga kwa mikono yangu, kutoka msingi hadi mabati. Konstebo ameweka kalamu chini akaniangalia, basi aandike hivi: nilichimba shimo la choo cha wavulana. Lakini nililichimba vizuri, na hadi leo hakuna mvulana aliyetumbukia.

Sikusoma sana, niliachia darasa la nne. Nikikosea Konstebo anirekebishe, mshahara ni wake.

Mnamo tarehe 10 Oktoba 2020, siku ya Jumamosi, nilikwenda kwenye mkutano katika shule ya kanisa hapa Mutuini. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba darasa la nne na la nane warudi shuleni Jumatatu, baada ya kukaa nyumbani tangu Machi kwa sababu ya korona. Kamati ya shule yetu ikasema ni lazima wazazi na walimu waamue kwanza: tufungue, ama tungoje mwaka mpya. Nilienda kwa ajili ya mjukuu wangu Wamucii, wa darasa la nane. Mama yake ni marehemu, tunaishi sisi wawili.

Tangu shule ifungwe, Wamucii anaosha matumbo ya ng'ombe kule machinjioni Dagoretti. Hakutumwa na mtu. Siku moja aliondoka mwenyewe akarudi na unga. Jumamosi asubuhi alinipa begi lake la shule, vitabu vyote ndani, akaniambia, "Guka, mimi naenda kazi. Beba hii, waone niko." Begi alikuwa amelifua. Lilinuka sabuni, yeye akinuka machinjio.

Mkutano ulikuwa uanze saa tatu. Walimu walikuwa wamechora maduara ya chokaa uwanjani, mistari miwili, ili tusikaribiane. Mstari mmoja ni wa wanaotaka kufungua, mwingine ni wa wanaotaka kungoja. Kura ilikuwa ya mlolongo, kama ile ya mwaka wa themanini na nane, mstari mfupi ulipotangazwa mshindi. Nikamwambia jirani yangu, "Ngoja tu, utaona mstari mrefu ukiwa mfupi." Akacheka. Na mimi nilicheka.

Mwenyekiti wa kamati ni huyu Norman Kitavi. Ana nyumba za kupangisha, na kioski cha maji tunachochota sisi wote ni chake. Watoto wake wanasoma kwa kompyuta, wamekaa kwa sofa. Saa tatu ilifika, yeye hakufika, tukaambiwa ameenda taun, kule mjini. Sasa, wazazi wengi wa mstari wa kufungua ni watu wa mjengo, wa kufua nguo, wa machinjioni. Ukichelewa huko unakuta mwingine ameshashika kazi yako. Wakangoja, wakangoja, halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kila mtu akaacha kitu kwenye duara lake. Mtungi wa plastiki, kofia, jembe, kuna aliyeacha patipati moja akaenda na nyingine. Ndivyo tunavyofanya kioskini. Unaweka mtungi kwenye foleni, unaenda shughuli zako, na mtungi unasimama badala yako. Hata adui yako hausogezi ila kwenda mbele. Na mimi, kwa sababu miguu yangu haipendi kusimama, nikaweka begi la Wamucii kwenye duara langu nikaenda kukaa kwenye jiwe.

Kitavi alikuja karibu saa sita, maski kwenye kidevu. Mjadala ukaanza.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Phoebe, alisema tungoje. "Mtoto anaweza asiumwe, lakini anaibeba korona. Anampelekea nani? Anampelekea guka kama huyu." Akaninyooshea kidole. Watu wote wakageuka wakaniangalia kama maiti iliyopiga chafya.

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimeshaiva, nimebakiza kuanguka tu. Usinifanye kufuli ya shule."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzee, Julai tulimzika Mwalimu Odhiambo, na hata hakuitoa darasani. Vyumba ni hivi mnavyoviona, maji ya bomba hakuna. Mkituingiza humo mtazika wangapi?"

Kicheko changu kiliishia hapo. Odhiambo ndiye aliyemfundisha Wamucii hesabu. Mama huyu hakuwa akisema upuzi, na ninataka hilo liandikwe. Lakini nilimjibu hivi: "Mnalinda mapafu yangu, asanteni. Na mnajua anayeyalisha ni nani? Ni mtoto wenu wa darasa la nane, na mikono yake iko ndani ya matumbo saa hii. Huko machinjioni hakuna aliyemchorea duara la chokaa."

Mwalimu Phoebe aliangalia chini.

Kitavi akasema, "Tuhesabu, jua linachoma." Mstari wa kungoja ulikuwa mfupi, lakini wote walikuwa watu. Mstari wa kufungua ulifika hadi langoni, lakini wengi wao walikuwa mitungi.

Kitavi akasema, "Mtungi si mzazi. Ondoeni hizi takataka."

Mtu mmoja akamwambia, "Mwenyekiti, si kwa kioski yako tunapanga hivi hivi?"

Akajibu, "Kioski ni biashara. Hapa ni elimu."

Akaanza kuipiga mitungi mateke, mmoja baada ya mwingine. Alipokaribia duara langu nikapiga kelele, "Wee Kitavi, hiyo ni ya mtoto!" Nikaanza kuinuka. Kuinuka kwangu ni safari. Kabla sijafika alilipiga begi teke, likaangukia kwenye tope pale pa kunawia mikono. Zipu ikaachia, vitabu vikatoka.

Hapo ndipo Wavinya alipoingia langoni mbio. Wavinya ni mama wa kufua nguo, na mikono yake ilikuwa bado na povu. Alikuta mtungi wake umelala ukutani.

Akauliza, "Nani amepiga nafasi yangu teke?"

Kitavi akasema, "Nafasi gani, mama? Kwani ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafulia watu nguo, ndio nilipie hiyo shule unafunga!"

Akauokota mtungi akampiga nao mara moja, mdomoni. Mtungi ulikuwa mtupu. Ungekuwa na maji, leo tungekuwa tunaandika maelezo mengine. Damu ilitoka. Niliona kwa macho yangu, sikatai.

Konstebo ameniuliza kama nilijaribu kumzuia. Hapana. Miguu yangu ingekuwa mizima ningekuwa mshtakiwa, si shahidi. Ameniuliza tena nani alianza. Alianza yule aliyepiga begi.

Kitavi alijifuta mdomo kwa leso akatangaza kwamba wa kungoja wameshinda. Hata damu haikumnyima sauti ya kutangaza.

Polisi walipofika walichukua mtungi wa Wavinya. Wakachukua na begi, kwa sababu Kitavi alisema alirushiwa. Hakurushiwa. Begi hilo lilimgusa mahali pamoja tu, kwenye kiatu.

Leo ni Jumatatu. Nikija hapa nimepishana na watoto wa darasa la nane wa shule nyingine, sare safi, maski mpya. Wamucii naye alipishana nao akienda machinjioni. Shule moja ya serikali huko Uthiru imesema kesho itamwangalia kama inaweza kumpokea, mradi aje na vitabu vyake.

Niliyoyaona nimeyasema, na sikuyaongeza chumvi. Matani tu ndiyo yangu.

Sahihi: J. Mwaniki

Maelezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali ni sawa. Kabla ya kuondoka ameomba kuongeza maneno, nami nimeyaandika kama alivyoyasema.
Konstebo Wesonga

Nyongeza ya shahidi:

Konstebo, bomba la kituo limekauka, na tangu asubuhi mtungi wako ulikuwa kwenye foleni hapo nje, kwa kioski ya huyo huyo Kitavi. Uliniomba niuangalie. Nimeusukuma kila foleni iliposonga, na hakuna aliyeniambia mtungi si polisi. Sasa umejaa, uko hapo mlangoni. Sitaki chai wala soda. Nipe begi la mtoto nikaanike vitabu, jua bado liko.